Kasri, Gereza na Hoteli: Mkristo na Uzuri Uliogharimiwa na Wengine

Je, ni halali kwa Mkristo kukifurahia kitu kizuri akijua kwamba kilipatikana kwa njia isiyo ya haki? Wanafunzi wetu wa chuo cha theolojia hutuuliza swali hili mara nyingi, na washarika huliuliza pia kwa maneno yao. Mmoja anataka kujua kama usharika upokee mabati ya mfanyabiashara ambaye wote wanajua jinsi anavyowapunja vibarua wake. Mwingine amerithi nyumba nzuri, naye anajua kwamba kiwanja chake baba yake alimpokonya mjane. Wapo wanaojibu haraka kwamba kitu hakina dhambi, dhambi ni ya mtu, basi tukitumie na kumshukuru Mungu. Wapo wanaojibu haraka vilevile kwamba kilichotoka katika dhambi kisiguswe kabisa. Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yanakwepa kazi ambayo Neno la Mungu linatutaka tuifanye.

Katika makala hii tutalipima swali hilo kwa mfano wa jengo moja lililo mbali nasi, katika jiji la Istanbul nchini Uturuki. Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza na habari za Bathsheba. Alianza na habari ya maskini mmoja na mwana-kondoo wake, naye mfalme akahukumu sawasawa kwa kuwa alidhani anasikia habari za mtu mwingine (2 Samweli 12). Mara nyingi jicho letu huona vizuri zaidi likitazama mbali kwanza.

Jengo lenyewe

Istanbul ni mji uliokaa juu ya mabara mawili. Katikati yake unapita mlango-bahari wa Bosphorus, maji yanayotenganisha Ulaya na Asia. Upande wa Ulaya, kati ya mitaa ya Beşiktaş na Ortaköy, limesimama kasri la Çırağan, jina ambalo hutamkwa karibu na "Chiraan". Neno hilo lina asili ya Kiajemi na linahusu taa. Katika karne ya 18 wakubwa wa dola walifanya mahali hapo sherehe za usiku, bustani zikiwashwa taa nyingi, na jina likabaki.

Kasri tunalolizungumzia lilijengwa katika miaka ya 1860 kwa amri ya Sultani Abdülaziz wa Milki ya Osmani. Wajenzi wake walikuwa wa ukoo wa Balyan, Wakristo wa Kiarmenia waliowatumikia masultani kwa vizazi kadhaa na kuwajengea makasri mengi katika mji huo. Kuta za nje ni za mawe na marumaru, na madirisha yake marefu yanatazama maji na vilima vya Asia ng'ambo. Leo jengo hilo ni sehemu ya hoteli ya kifahari. Ina vyumba takriban 300, vingi vikiwa katika jengo jipya lililojengwa kando, na bwawa la kuogelea ukingoni mwa maji. Mgeni anaweza kufika kwa gari, kwa mashua au kwa helikopta.

Wasomaji wasidhani kwamba tunataka kuwasema Waislamu au Waturuki. Sulemani alijenga Hekalu kwa miaka 7 na nyumba yake mwenyewe kwa miaka 13, na Biblia inaziweka hesabu hizo mbili karibu karibu ili tuzione (1 Wafalme 6 na 7). Maaskofu na mapapa wa Kikristo nao wamejenga makasri. Baba yetu Martin Luther alipoandika mwaka 1529 kuhusu vita dhidi ya Waturuki, aliwataka Wakristo waanze na toba yao wenyewe, maana aliwaona Waturuki kama fimbo ambayo Mungu anawarudi nayo watu wake. Fimbo iko mkononi mwa Mungu, na anayepaswa kutetemeka ni sisi. Kwa roho hiyo tuliulize jengo hili maswali matatu.

Nani alilipa?

Swali la kwanza kuhusu jengo lolote zuri ni la bei, na la mfuko uliotoa bei hiyo.

Milki ya Osmani ilianza kukopa fedha kwa mataifa ya Ulaya mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea. Ilipokwisha kuonja mkopo wa kwanza, ikachukua wa pili na wa tatu, na baada ya muda ikawa inakopa ili kulipa riba ya mikopo ya nyuma. Fedha nyingi zilikwenda kwenye vita na kwenye manowari, maana Abdülaziz alipenda sana jeshi la majini. Hatusemi kwamba kasri moja liliifilisi dola nzima. Lakini miaka ileile ya mikopo ndiyo iliyojengewa Dolmabahçe, Beylerbeyi na Çırağan, kasri baada ya kasri, ukingoni mwa maji yaleyale. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, lakini aliyeliandika na aliyetumia hawakuwa wakisomeana.

Kati ya mwaka 1873 na 1875 ukame ukaipiga Anatolia ya kati, nchi ya wakulima. Mazao yakakauka, mifugo ikafa, na njaa ikaua watu wengi sana. Oktoba 1875 serikali ikatangaza kwamba haiwezi tena kulipa riba yote inayodaiwa. Mwaka 1881 ikaundwa taasisi maalumu ya kusimamia deni hilo, ambamo wawakilishi wa wadai wa Ulaya walikuwa na sauti kubwa, nayo ikapewa mapato ya bidhaa kama chumvi na tumbaku. Hapo ndipo tunapomwona mlipaji. Mwanamke wa kijijini aliyenunua chumvi ya kutia katika chungu chake alikuwa analipa deni la makasri na manowari ambazo hakuwahi kuziona.

Kuna habari nyingine kuhusu kiwanja chenyewe. Mahali hapo palikuwa na nyumba ya ibada ya Wamevlevi, watu wa tarika ya Kisufi, iliyodumu hapo tangu karne ya 17. Kasri lilipohitaji nafasi, nyumba yao ilibomolewa nao wakahamishwa. Msomaji wa Biblia hawezi kulisoma jambo hilo bila kumkumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu lililokuwa karibu na nyumba ya mfalme (1 Wafalme 21). Kosa la shamba lile lilikuwa moja tu: lilikuwa jirani ya mkubwa aliyetaka kupanua bustani.

Nabii Yeremia ana neno kali kwa mfalme wa namna hii. Katika sura ya 22 anamtangazia ole mtu anayejenga nyumba yake pasipo haki na kumtumikisha jirani yake bila ujira, huku akijisifia vyumba vipana na madirisha makubwa na mbao za mierezi. Kisha anamuuliza kama ufalme ni kushindana kwa mierezi. Anamkumbusha baba yake, Yosia, ambaye alikula na kunywa kama watu wengine lakini akawatetea maskini na wahitaji, na huko, asema nabii, ndiko kumjua Mungu. Tuangalie vizuri: Yeremia hamlaumu Yosia kwa kula na kunywa. Analoliuliza ni kama nyumba ilijengwa kwa haki na kama mwenye nyumba anasikia kilio cha walio nje.

Luther naye alianza hapo hapo. Mara nyingi tunazifundisha Hoja 95 za mwaka 1517 kama mjadala wa msamaha wa dhambi tu. Lakini vyeti vile vya msamaha viliuzwa Ujerumani ili, pamoja na mambo mengine, kanisa la Mtakatifu Petro lijengwe Roma. Katika hoja ya 86 Luther analeta swali la walei: kwa nini papa, mwenye utajiri mkubwa kuliko matajiri wote, asijenge kanisa hilo kwa fedha zake mwenyewe kuliko za waumini maskini? Na katika hoja ya 45 anasema kwamba anayempita mhitaji na kwenda kununua cheti cha msamaha amejinunulia ghadhabu ya Mungu. Matengenezo ya Kanisa yalianza na swali la nani alilipa jengo zuri. Mlutheri anayeona aibu kuliuliza swali hilo amesahau alikotoka.

Nani anaishi ndani yake, na kwa amani gani?

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Tuingie ndani.

Abdülaziz mwenyewe alikaa Çırağan muda mfupi tu. Tarehe 30 Mei 1876 aliondolewa madarakani, na siku chache baadaye alikutwa amekufa katika jengo lililo jirani na kasri hilo, mishipa ya mikono ikiwa imekatwa. Taarifa rasmi ilisema amejiua, na wengine hawakuamini. Alifuatwa na mpwa wake, Murad wa Tano, mtu aliyependa muziki na aliyewapa matumaini wale waliotaka katiba. Lakini akili yake ilitikisika, na baada ya siku 93 tu naye aliondolewa. Ndugu yake, Abdülhamid wa Pili, akashika kiti.

Murad na watu wa nyumba yake wakawekwa Çırağan. Mwezi Mei 1878 mwandishi mmoja aitwaye Ali Suavi aliongoza kundi la watu wakavamia kasri ili kumtoa. Ali Suavi akauawa humo, na ulinzi ukazidi. Murad alibaki ndani hadi alipofariki Agosti 1904, yaani miaka 28. Aliendelea kutunga muziki. Madirisha yalikuwa yaleyale, marumaru ileile, na maji ya Bosphorus yalipita mbele yake kila asubuhi na meli zikielekea kokote zitakako. Mtu aliyetazama kutoka mashuani aliona kasri. Aliyekuwa ndani alijua ni gereza.

Tunaona hapa jambo ambalo Bwana wetu alilifundisha katika mfano wa tajiri mpumbavu (Luka 12). Mtu yule alibomoa ghala zake akajenga kubwa zaidi, akaiambia nafsi yake ipumzike, na usiku uleule nafsi yake ikadaiwa. Luther katika Katekisimo Kubwa, akieleza amri ya kwanza, anafundisha kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea na kujikabidhi kwacho, hicho hasa ndicho mungu wako. Anasa inakuwa hatari pale inapoahidi usalama. Godoro laini halina dhambi. Dhambi ni kuamini kwamba ukuta mnene na godoro laini vinaweza kumzuia adui wa mwisho asiingie. Abdülaziz alikuwa na makasri kadhaa, lakini siku ile hapakuwa na hata moja lililoweza kumficha.

Habari ya kasri haikuishia kwa Murad. Mapinduzi ya mwaka 1908 yalirudisha katiba, na Novemba 1909 Bunge likahamia Çırağan. Gereza la mtu mmoja likawa nyumba ya wawakilishi wa watu. Matumaini hayo yalidumu takriban miezi miwili. Januari 1910 moto ulizuka, na kwa saa chache ukateketeza kila kitu cha ndani. Zikabaki kuta za nje tu, zimeungua, madirisha wazi.

Mlango uko wazi kwa nani?

Kwa miaka karibu 80 Çırağan lilikuwa gofu. Dola ya masultani ilikwisha, na mwaka 1924 jamaa yote ya kifalme ikafukuzwa nchini. Bustani ya kasri ikageuzwa uwanja wa mpira, na klabu ya Beşiktaş ikacheza hapo kwa miaka kadhaa. Tunapenda kukaa kidogo kwenye picha hiyo. Mahali ambapo mtu wa kawaida asingethubutu kukanyaga, vijana wa mtaani walikimbilia mpira, na mashabiki wakapiga kelele chini ya kuta za sultani. Jengo lilikuwa limeharibika, lakini halikuwahi kuwa wazi kwa watu wengi kama wakati ule.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi ya kulirejesha ilianza, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likafunguliwa kama hoteli chini ya kampuni ya Kempinski, yenye asili ya Ujerumani. Jina hilo si geni kwa wakazi wa Dar es Salaam, maana hoteli ya Kilimanjaro iliyojengwa miaka ya 1960 ilifunguliwa upya mwaka 2005 ikiwa chini ya kampuni hiyo kwa miaka kadhaa. Lakini wengi hawajui kwamba jina lenyewe lina jeraha lake. Berthold Kempinski alikuwa Myahudi, mfanyabiashara wa mvinyo wa Berlin. Baada ya Wanazi kushika utawala, warithi wa biashara yake walilazimishwa kuiachia kwa sababu tu walikuwa Wayahudi. Baadhi ya watu wa ukoo huo walikimbia nchi, wengine waliuawa. Makanisa mengi ya Ujerumani, yakiwemo ya Kilutheri, yalinyamaza wakati majirani wao wakinyang'anywa mali na uhai. Basi hata herufi zilizo juu ya lango zina watu waliolipa.

Je, ilikuwa vibaya kulijenga upya kasri? Hatuwezi kusema hivyo. Nabii Isaya anawasifu wanaojenga mahali palipobomoka na kurudisha njia za kukalia (Isaya 58:12). Mafundi walichonga mawe upya na kuyarudishia mapambo ambayo moto uliyala, na kazi ya mikono ya fundi ni kipawa cha Mungu. Wapishi, madobi, watunza bustani na walinzi wanapata humo riziki ya watoto wao. Novemba 1999 wakuu wa nchi za Ulaya, pamoja na Marekani na Kanada, walikutana katika kasri hilo kujadili usalama na ushirikiano wa mataifa yao. Gofu lisingeweza kufanya hayo yote.

Hata hivyo swali la mlango linabaki. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukarimu wa methali hiyo humponya mwenyeji, na mgeni halipi kitu. Hoteli inauza kitu kinachofanana na ukarimu: mlango unafunguliwa kwa tabasamu, mizigo inapokelewa, kitanda kimetandikwa. Ni kazi halali, na wanaoifanya kwa uaminifu wanastahili heshima. Lakini mlango huo unafunguka kwa kadiri ya fedha iliyo mkononi mwa mgeni. Yesu alimfundisha Farisayo aliyemkaribisha chakula kwamba afanyapo karamu awaite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa kuwa hao hawana cha kumlipa (Luka 14). Na katika habari ya tajiri na Lazaro, Biblia haisemi kwamba tajiri yule alimpiga Lazaro au alimfukuza. Kosa lake lilikuwa kwamba lango lilikuwepo, Lazaro alikuwa amelala hapo, naye tajiri aliingia na kutoka kila siku (Luka 16).

Dhahabu ya Misri

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Kama uzuri ulitokana na dhuluma, tuutupe au tuutumie?

Biblia ina mfano ambao tunadhani unatusaidia. Wana wa Israeli walipotoka Misri waliwaomba Wamisri vyombo vya fedha na dhahabu, wakatoka navyo (Kutoka 12). Dhahabu ile ilikuwa mali ya taifa lililotajirika kwa jasho la watumwa. Mungu hakuwaambia waiache jangwani. Lakini dhahabu hiyohiyo ilifanya kazi mbili. Kwanza Haruni aliyeyusha pete za masikio na kuzigeuza ndama, na watu wakaicheza mbele yake (Kutoka 32). Baadaye watu walileta dhahabu iliyobaki kwa moyo wa kupenda, na ikatengenezwa hema ya kukutania (Kutoka 35). Moto ulikuwa uleule, na mafundi walitoka katika kambi ileile. Kilichotofautisha ndama na hema ni kile ambacho watu walikitafuta, na yule waliyemsikiliza.

Kwa hiyo wale wanaosema kitu kilichotoka katika dhambi kisiguswe hawajasoma hadi sura ya 35. Na wale wanaosema kitu hakina dhambi, basi tukitumie tu, hawajasoma sura ya 32. Njia ya Injili inapita katikati, nayo ina mambo matatu.

La kwanza ni kusema kweli. Jengo lenye historia ya machozi lisiuzwe kwa historia ya taa na muziki peke yake. Anayelala katika kasri ajue kwamba humo mtu alifungwa miaka 28. Ukweli huo hautaharibu uzuri wa marumaru. Utamfanya mgeni alale kama binadamu mwenye kumbukumbu. Toba ya Kilutheri huanza na kuungama, na kuungama ni kuliita jambo kwa jina lake.

La pili ni kurudisha kinachoweza kurudishwa. Zakayo alipomkaribisha Yesu nyumbani kwake hakuichoma nyumba moto, wala hakuendelea kuketi ndani kana kwamba hakuna kilichotokea. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowanyang'anya akaahidi kuwarudishia mara nne (Luka 19). Mshahara wa haki kwa anayefagia ukumbi ni sehemu ya kurudisha. Mrithi anayemtafuta mjane aliyepokonywa kiwanja, au watoto wa mjane huyo, naye anarudisha.

La tatu ni kufungua mlango. Uzuri ambao maskini hawezi kuuona kamwe bado uko gerezani, hata kama kuta zimepakwa rangi mpya.

Na sisi je?

Nathani alipomaliza hadithi yake alimgeukia mfalme. Nasi hatuna budi kujigeukia.

Katika sharika zetu tunajenga. Tunabomoa kanisa la zamani lililojengwa na wazee kwa udongo na mawe, tunasimamisha jipya lenye mnara, vigae na vioo vya rangi. Hatuoni ubaya katika kumjengea Mungu nyumba nzuri. Yule mwanamke wa Bethania alipommiminia Yesu marhamu ya thamani kubwa, walionung'unika ndio walioonywa, na yeye akasifiwa (Marko 14). Lakini tukumbuke kwamba marhamu ile ilikuwa yake, na hakuna aliyemlazimisha kuivunja chupa.

Injili ya Marko ina mpangilio ambao kila mchungaji na kila mzee wa kanisa angepaswa kuutafakari kabla ya kikao cha ujenzi. Mwishoni mwa sura ya 12 Yesu anawaonya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Papo hapo anaonekana mjane maskini akitia senti mbili katika sanduku la hazina, riziki yake yote. Tumezoea kuhubiri hapo kila Jumapili ya utoaji, kisha tunafunga kitabu. Lakini mstari unaofuata, wa kwanza wa sura ya 13, mwanafunzi mmoja anamwonyesha Yesu jinsi mawe ya Hekalu yalivyo makubwa na majengo yalivyo mazuri, na Yesu anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Nyumba za wajane, senti za mjane, mawe mazuri, kisha hukumu: Marko ameyaweka kwa mfululizo huo.

Basi yule bibi anayeleta mkungu wa ndizi au mayai matatu kwenye mnada wa mavuno, tunamwona? Tunapotangaza mbele ya ibada majina ya ambao hawajamaliza ahadi zao za ujenzi, tunajua ni nani kati yao aliyeuza mbuzi kwa ajili ya dawa za mtoto mwezi huo huo? Fundi anayepanda juu ya mnara analipwa kwa wakati? Mlinzi anayelilinda kanisa jipya usiku ana bima ya afya? Na viongozi wa kanisa tunapofanya semina katika hoteli nzuri kujadili umaskini wa waumini, nani alilipa? Haya ni maswali yaleyale matatu tuliyouliza Istanbul. Tuliona ni rahisi kuyauliza huko.

Wala tusikate tamaa kana kwamba hakuna jengo safi duniani. Kweli hakuna. Mungu wetu hakungoja nyumba safi ndipo aje. Alizaliwa mahali pa kulishia mifugo kwa kuwa nyumba ya wageni haikuwa na nafasi, na anakaa katika mioyo ambayo ingekuwa imeteketea kama si neema. Anatuhesabia haki tungali wenye dhambi, na kwa sababu hiyo hatuna haja ya kuficha historia ya mali zetu ili tuonekane wema. Aliyesamehewa anaweza kulifungua daftari.

Kitabu cha Ufunuo sura ya 21 kinatuonyesha mji wa mwisho. Una dhahabu na mawe ya thamani kupita kasri lolote la Bosphorus, kwa hiyo Mungu hauchukii uzuri. Hauna haja ya taa, maana Mwana-Kondoo ndiye taa yake, naye ndiye aliyelipa gharama yote kwa damu yake bila kumtoza mtu. Na malango yake hayafungwi. Sisi tunaousubiri mji huo tuanze sasa kujenga kwa mtindo wake: tujue nani alilipa, tumsikie aliaye ndani, na tumwinue aliyelala mlangoni.